Kumwigiza Emil Jannings: koti la bawabu, mbwa wa Oscar, Wanazi, na hiyo sauti yako iliyokauka

"Shikamoo mwalimu. Nasoma sanaa za maonyesho mwaka wa pili, na kwa kazi ya mwisho wa muhula nimemchagua Emil Jannings, mwigizaji wa Kijerumani wa enzi za sinema bubu, natakiwa nikae stejini peke yangu dakika 15. Nimeunganisha yule bawabu wa hoteli na yule profesa anayewika kama jogoo. Sasa wenzangu wananiponda. Wanasema sinema bubu ni kutoa macho tu na kurusha mikono, jamaa mwenyewe kazaliwa Brooklyn huko Marekani sio Mjerumani, sauti ilipoingia kwenye filamu ndo akaisha, Oscar yake kapewa kwa sababu mshindi halisi alikuwa mbwa, na mmoja kaniambia huyo alikuwa mtu wa Hitler niachane naye kabisa. Mi nilimpenda tu nilivyomwona, nimemtazama kwenye simu, picha zinarukaruka lakini nikalia. Niendelee naye au nibadilishe? Na nifanyeje nisionekane mchekeshaji? Samahani kwa urefu, sauti yenyewe imekauka wiki ya nne sasa kwa ajili ya kuwika, nakunywa tangawizi na asali."

Marahaba mdogo wangu, na wala usiombe samahani, swali refu ndo linalojibika. Naona umeuliza mambo matano sita lakini linalokukera ni moja: umempenda mtu kwa kazi yake, alafu kila ukimtaja kuna mtu anakuletea habari ya kumchafua, nusu uongo nusu kweli, na hujui ushike ipi. Ntakutenganishia, ila koo lako kwanza, manake hilo umelitaja mwishoni kabisa kama kitu kidogo na mimi ndo limenishtua kuliko mengine yote.

Wiki ya nne ni nyingi. Sauti inatoka kwenye vikunjo viwili vidogo vya nyama kooni vinavyogongana kwa kasi sana kila ukiongea, na ukiwika vinagongana kwa nguvu, ukiwika kila siku vinavimba, ukiendelea tu juu ya uvimbe vinaweza kuota vinundu. Tangawizi na asali vinapita njia ya chakula, havifiki pale, vinakufariji tu. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu unatakiwa uonwe na daktari wa masikio, pua na koo, anaingiza kikamera au kioo anatazama, sio kitu cha kutisha. Nenda wiki hii. Na ukiona damu, au kumeza kunauma, au unahema kwa shida, au kuna uvimbe shingoni, hapo usisubiri hata kesho. Mpaka uonwe, usiwike, na usinong'one pia, watu wengi wanadhani kunong'ona ni kupumzisha sauti kumbe nako kunakaza koo. Ongea kidogo kwa sauti yako ya kawaida basi.

Tena nikwambie, huko kuwika kwenyewe umekuelewa vibaya kidogo, ndo maana umeumia. Ntarudi hapo.

Haya, Brooklyn. Huo ni uongo wa zamani sana na yeye mwenyewe hakuukataa, ulikuwa unamfaa kwenye matangazo. Jannings kazaliwa Rorschach, Uswisi, kando ya ziwa Bodensee, tarehe 23 Julai 1884, jina la ukoo wake halisi ni Janenz. Baba yake ndo alikuwa na asili ya Marekani, mama Mjerumani, na mtoto kakulia Leipzig na Görlitz. Akatoroka shule akaenda kufanya kazi melini, akagundua bahari sio kama kwenye vitabu, akarudi akaingia kwenye tamthilia za mikoani huko, miaka na miaka ya kuzunguka na vikundi, mpaka akafika Berlin kwa Max Reinhardt, mwongozaji mkubwa wa tamthilia, pale kwenye ukumbi wa Deutsches Theater. Hiyo miaka ya kuzunguka usiidharau, ndo shule yake yote.

Sasa mbwa. Hii hadithi kila mtu anaipenda na mimi pia ningependa iwe kweli. Eti Rin Tin Tin, yule mbwa staa wa kampuni ya filamu ya Warner, ndo alipata kura nyingi kwenye Oscar za kwanza, wakubwa wakaona aibu wakampa aliyefuata. Shida ni kwamba mwaka ule ushindi haukuamuliwa kwa kuhesabu kura za wanachama wote kama watu wanavyodhani. Wanachama walipendekeza majina, kamati zikachuja, alafu jopo la watu watano ndo likaamua. Na waliokwenda kupekua karatasi za mapendekezo zilizobaki hawakumkuta mbwa humo. Ni utani wa Hollywood uliogeuzwa historia. Ukweli wenyewe ni mtamu wa kutosha: Jannings alikuwa anarudi Ujerumani kabla ya hafla ya tarehe 16 Mei 1929, akaomba apewe kabisa, wakampa mapema, kwa hiyo mtu wa kwanza duniani kushika Oscar mkononi ni yeye. Na kapewa kwa filamu mbili kwa mpigo, The Last Command na The Way of All Flesh. Hiyo ya pili saa hizi haipo, imepotea, vimebaki vipande tu. The Patriot ya 1928 aliyofanya na mwongozaji Ernst Lubitsch nayo imepotea. Fikiria, nusu ya kazi iliyompa tuzo ya kwanza ya uigizaji hakuna mtu anayeweza kuitazama leo.

Kuhusu sauti kumwua, hapa wenzako wamechanganya watu. Wapo mastaa waliozamishwa na sauti kwa sababu hawakuwa na sauti. Huyu alikuwa na sauti, katoka stejini, kazoea kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Kilichomshinda ni Kiingereza. Wakati wa sinema bubu lugha haikuwa na shida yoyote, unaondoa vile vibango vya maandishi vya Kijerumani unapachika vya Kiingereza au Kireno, filamu inaingia sokoni, ndo maana Mjerumani mwenye lafudhi nzito aliweza kuwa staa wa Paramount, kampuni ya filamu ya Hollywood, kuanzia 1926 mpaka 1929. Sauti ilipoingia ule mlango ukafungwa kwa usiku mmoja. Karudi Berlin, na mwaka 1930 katoa Der blaue Engel, Malaika wa Bluu, chini ya mwongozaji Josef von Sternberg, filamu ya sauti, ndo ile ya profesa wako anayewika, na ndo hiyo hiyo dunia inayomkumbukia. Kuna mzaha mmoja humo naupenda: anacheza profesa wa Kiingereza anayemtesa mwanafunzi kwa sababu hawezi kutamka ile "th". Yaani mtu aliyekimbia Hollywood kwa ajili ya Kiingereza anamchapia mwenzie lafudhi!

Kilichompata kweli kwenye ile filamu sio sauti, ni Marlene Dietrich, binti aliyecheza Lola, mwimbaji wa kilabu anayempagawisha profesa. Filamu ilitengenezwa iwe yake, watu wakatoka ukumbini wanamwongelea binti.

Tuje kwenye kutoa macho na kurusha mikono. Kwanza hizo picha zinazorukaruka, hilo sio kosa la waigizaji. Zamani kamera ilizungushwa kwa mkono, fremu labda 16, 18, 20 na kitu kwa sekunde, hakukuwa na kipimo kimoja. Sauti ilipokuja ndo ikalazimisha 24. Sasa ukichukua filamu iliyopigwa kwa fremu 18 ukaicheza kwa 24, mtu anayetembea taratibu anakuwa kama kakanyaga moto, mzee anayelia anakuwa kama anacheka. Nakala nyingi za bure mtandaoni ziko hivo. Na Der letzte Mann, ile filamu ya yule bawabu wako, ina balaa jingine, walitengeneza negativu tatu tofauti, yaani filamu mama za kutolea nakala, moja ya Ujerumani, moja ya Marekani na moja ya nchi nyingine, kila moja na picha zake zilizopigwa mara nyingine au kwa kamera ya pembeni, kwa hiyo inawezekana kabisa uliyotazama sio ile nzuri. Tafuta iliyokarabatiwa na taasisi ya Wiesbaden yenye jina la Murnau, mwongozaji wa filamu hiyo. Kuna na mambo ya nyuso: filamu za mwanzo hazikuona rangi nyekundu, midomo inatoka nyeusi, ngozi inatoka chafu, wakalazimika kupaka mekapu nzito nyeupe. We unaona zimwi, wao walikuwa wanajaribu kuonekana watu.

Alafu, tuwe wakweli, mikono alikuwa anairusha. Mtazame kwenye Faust akiwa yule shetani Mephisto, au akiwa Harun Rashid kwenye Das Wachsfigurenkabinett ya 1924 (ndiyo, yule yule Harun Rashid wa Alfu Lela U Lela), ana tumbo kubwa na kilemba kikubwa, anajilamba, anabinua macho, ni vituko vitupu na mi sijawahi kuvipenda. Alikuwa mtu wa kupitiliza. Lakini alikuwa na akili ya kujua lini aache, na alipoacha, hakuna aliyemfikia.

Siku moja niliwaonyesha wanafunzi Der letzte Mann jioni, spika zikagoma, hata muziki hatukuwa nao, tukaamua tutazame hivo hivo kimya. Mlinzi wa jengo akaja kutuambia muda umeisha anataka kufunga. Akasimama mlangoni na funguo mkononi, nikajua atatufukuza. Hakutufukuza. Filamu ile haina maelezo, ukiacha barua na gazeti kuna kibango kimoja tu cha maandishi karibu na mwisho, na mlinzi wetu Kijerumani hajui. Ilipofika pale mzee bawabu, baada ya kusoma barua ya meneja, anajaribu kunyanyua sanduku kubwa aonyeshe bado ana nguvu, anaanguka nalo, wanamvua koti, yule mlinzi akasema kwa sauti, "Aa, hapo wamemmaliza." Akakaa chini. Akatazama mpaka mwisho, na yeye mwenyewe kavaa koti la kampuni lenye vifungo.

Sasa rudi utazame Jannings anafanya nini pale, manake jibu la swali lako la mchekeshaji liko hapo. Mwanzo wa filamu koti lile lina mabega, vifungo vinang'aa, ndevu zimechanwa, na mtu mzima anatembea amejaa, kifua mbele, anapigia watu saluti, majirani uani kwao wanamheshimu kama jenerali. Wakishamvua, ndani kuna kizee chenye kikoti kibaya kilichochakaa. Uso haufanyi kitu! Magoti ndo yanalegea, mgongo unapinda, mikono inaning'inia mbele kama sio yake. Alikuwa na umri wa miaka 40 tu wakati ule, mtu mnene mwenye afya. Uzee wote ule kaupata kwa kujiuliza uzito umekaa wapi: koti likiwepo uzito uko kifuani, likiondoka umeshuka magotini. Basi, hiyo ndo siri yake, hana nyingine. Anaanzia nje, kwenye kitu alichovaa, kinachombeba au kinachomlemea, na uso unafuata wenyewe.

Na mgongo. Kwenye Varieté ya 1925, anapocheza mwanasarakasi aliyeua kwa wivu, mwanzoni kabisa tunamwona mfungwa kageuka, mgongo mpana una namba 28, na kamera inakaa na mgongo ule muda mrefu bila kutupa uso. Mpaka leo waigizaji wetu wakigeuzwa mgongo kwa kamera wanadhani wamenyimwa nafasi. Kwenye The Last Command anacheza jenerali wa Urusi aliyeishia kuwa ekstra Hollywood, kichwa kinamtikisika muda wote kwa sababu ya mshtuko alioupata, anatikisa kidogo tu, hachoki na hazidishi. Alafu msaidizi wa studio anapombandika nishani pasipo pake, mzee anamsahihisha. Haongezi kitu, anaisogeza tu ikae panapostahili. Pale mi huwa najisikia vibaya kuliko pale anapokufa.

Ukiitazama miaka yake yote ya nyuma pamoja utaona mtu mmoja tu. Bawabu, mwanasarakasi, jenerali, profesa, wote ni mtu mkubwa anayevuliwa kitu mbele za watu. Na wote wamechangia kuanguka kwao, yule bawabu ana majivuno ya kijinga, yule profesa ana ukali wa kijinga, tunawahurumia na bado tunajua kosa ni lao. Hilo likumbuke, nitalihitaji chini.

Sasa kuwika. Profesa Rath, yule wa Der blaue Engel, anawika mara mbili kwenye ile filamu. Mara ya kwanza ni kwenye harusi yake na Lola, kalewa furaha, bibi harusi analia kama kuku naye anamjibu kama jogoo, watu wanacheka, hata yeye anacheka. Mara ya pili ni miaka imepita, wamemrudisha kwenye mji wake mwenyewe, kavalishwa nguo za mchekeshaji, mcheza mazingaombwe anampasulia mayai kichwani mbele ya watu waliomjua akiwa profesa, na anaambiwa awike. Sauti ile ya pili inatisha kwa sababu tuliisikia ya kwanza, wala sio kwa sababu ya ukubwa. Inatoka kama mtu anakabwa. Kwa hiyo we huhitaji kupasua koo, unahitaji kuwika mara mbili: ya kwanza nyepesi ya mchezo, mwanzoni mwa dakika zako 15, watu wacheke, alafu uwasahaulishe, alafu mwishoni iwe ndogo, iwe karibu isitoke. Ukiwika mara moja tu kwa nguvu, ndo hapo unaonekana mchekeshaji, na unaharibu sauti bure.

Limebaki zito. Huyo aliyekwambia Jannings alikuwa mtu wa Hitler hajakosea, na usikubali mtu akulainishie. Waswahili wa mitandaoni wanapenda kusema "alilazimishwa". Hakulazimishwa. Wengi waliondoka 1933 na yeye alikuwa na jina na pesa kuliko wengi wao. Kabaki, mwaka 1936 akapewa cheo cha mwigizaji wa taifa, akaingia kwenye uongozi wa kampuni ya filamu ya Tobis, akachukua tuzo ya tamasha la filamu la Venice 1937 kwa filamu ya Der Herrscher, na mwaka 1941 kacheza na kusimamia utengenezaji wa Ohm Krüger, kuhusu Paul Kruger wa Makaburu na vita vyake na Waingereza. Humo wanaonyesha kambi ambazo Waingereza waliwafungia wanawake na watoto wa Kikaburu, jambo ambalo lilitokea kweli, ila wanaolionyesha ni serikali ambayo wakati huo huo ilikuwa na kambi zake zimejaa watu. Ujerumani mpaka leo ile filamu hairuhusiwi kuonyeshwa holela, lazima kuwe na mtu wa kuieleza kwanza.

Na ukitazama kiuigizaji, kuna kitu kimebadilika, ndo lile nililokwambia ulikumbuke. Kwenye filamu hizi bado anacheza mtu mkubwa anayeanguka au anayetikiswa, ila safari hii kosa sio lake tena. Kruger kaangushwa na Waingereza. Mwenye viwanda wa Der Herrscher anasumbuliwa na watoto wake wenye tamaa, mwishowe mali yote anaiachia taifa. Bismarck, yule kiongozi wa Ujerumani wa zamani, kwenye Die Entlassung kafukuzwa na wadogo wasiomwelewa. Kipaji ni kile kile, mgongo ule ule, lakini wamemtolea ule ujinga wake uliokuwa unatufanya tumpende, wakabakiza sanamu. Mi nadhani kama mwigizaji alikufa hapo. Kuna hata ya daktari Robert Koch, 1939, anayetafuta kijidudu cha TB, shujaa mtupu. Sisi huku Koch tuna kumbukumbu nyingine kidogo, 1906 na 1907 alikuwa kwenye visiwa vya Sese, Ziwa Victoria, akiwadunga wagonjwa wa malale dawa ya atoksili yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Hiyo haimo.

Rudi kwenye ile sehemu ya mayai ya Der blaue Engel, nataka uwatazame watu watatu. Anayepasuliwa mayai ni Jannings, umeshajua alikokwenda. Anayepasua mayai ni Kurt Gerron, mwigizaji Myahudi, aliuawa kwenye kambi ya Wanazi ya Auschwitz mwaka 1944. Na yule mwanaume mtanashati aliyekuja kumchukua Lola ni Hans Albers, ambaye 1941 alimcheza Carl Peters, ndiyo, Peters wetu huyu, mkoloni wa Kijerumani, mkono wa damu, kwenye filamu ya kumtukuza. Na kwenye filamu hiyo ya Peters yupo Mswahili mmoja, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, aliyekuwa askari wa Wajerumani akiwa mtoto, akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili chuoni na akawa anapata vijisehemu kwenye filamu zao. Alikamatwa 1941 kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, kafia huko Novemba 1944. Kwa hiyo ukiambiwa "hayo mambo ya Wazungu yanakuhusu nini", unaweza kuwajibu.

Linganisha na Conrad Veidt, staa mwenzie wa miaka ile ile. Mwanamke aliyeolewa na Jannings mpaka mwisho, Gussy Holl, kabla ya hapo alikuwa mke wa Veidt, mji wenyewe ulikuwa mdogo hivo. Veidt mke wake wa mwisho alikuwa na asili ya Kiyahudi, 1933 akaondoka naye, akaanza upya Uingereza kwa lugha ya watu, na akaishia kucheza maafisa wa Kinazi Hollywood, yule Meja Strasser wa filamu ya Casablanca ni yeye. Kafa 1943 vita haijaisha. Jannings baada ya vita Washirika, yaani nchi zilizomshinda Hitler, wakamzuia kufanya kazi, akakaa Austria, kafa Strobl tarehe 2 Januari 1950 kwa saratani ya ini bila kucheza tena.

Sasa uendelee au ubadilishe? Nikupe ya moyoni. Kumbadilisha kwa Veidt ni salama, hakuna atakayekusema, lakini Veidt ni mtu wa macho na vidole virefu, mwili mwembamba, na wewe umelia kwa ajili ya bawabu, kwa Veidt utakuwa unaiga tu. Kuendelea na Jannings kimya kimya bila kutaja ya baadaye, hapana, hiyo sikushauri, mtu mmoja ukumbini atajua na atakuuliza, na utaonekana ama hujui ama umeficha. Ningekuwa mimi ningeendelea, ningeacha wote wengine nikashika bawabu na profesa tu, na ningeweka ile miaka ya 1933 kwenda mbele ndani ya mchezo wenyewe kwa koti. Unalo koti la bawabu tayari, si ndiyo? Anavuliwa, anabaki mtupu, anawika. Alafu mtu anamletea koti jingine zuri zaidi, na anajiona analivaa. Dakika mbili, usiseme neno. Koti liwe safi, lisiwe na alama ya Hitler wala bendera, ukibandika alama watu wataacha kukutazama wewe. Ila ni ushauri, mwalimu wako anayekusahihisha ndo mwenye neno, mwonyeshe kwanza kabla hujalishona.

Mazoezi yenyewe usiyafanyie mbele ya simu, selfi inakufundisha uso. Tafuta mtu akutazame kwa nyuma. Vaa koti zito kuliko saizi yako kwa siku nzima nyumbani, pika nalo, fagia nalo, alafu livue jioni usikilize mabega yamefanya nini. Hili la kuanguka na sanduku usijifundishe peke yako, mtafute mwalimu wa ngoma au wa sarakasi akuonyeshe namna ya kushuka, manake goti likienda ndo limekwenda. Na kama uko Dar au Nairobi pita Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani, waulize kama wanaweza kukusaidia kupata nakala nzuri au hata onyesho, ukione kile kizee kwenye skrini kubwa mara moja tu utaelewa kwa nini nimeandika yote haya.

Ila kwa daktari kwanza. Ukitoka huko niandikie kasema nini kuhusu koo, ndo tuongelee hilo jogoo.